Mimi, Mume Wangu na Askari 8,000

Wabongo wengi tukienda China tunaishia Guangzhou. Mnazunguka masoko mpaka miguu inavimba, mnafunga mzigo, mnarudi nyumbani na picha tatu za hotelini. Sisi safari hii tulikuwa Foshan, mji wa vigae, kwa sababu mume wangu anauza vigae na masinki Dar. Kazi ikaisha mapema, zikabaki siku nne kabla ya ndege. Yeye alitaka kulala. Mimi nilitaka Xi'an. Kwetu safari za biashara anaamua yeye, za starehe naamua mimi, basi tukapanda treni ya mwendo kasi na baada ya saa nane hivi tukashuka kwenye baridi ya kaskazini.

Wale askari wa udongo hawapo mjini. Wako Lintong, kilomita kama 35 mashariki, safari ya basi. Mwezi Machi 1974 wakulima walikuwa wanachimba kisima pale, wakakutana na kichwa cha udongo. Kumbe chini yao kulikuwa na jeshi zima la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza kuiunganisha China mwaka 221 KK, aliyefariki mwaka 210 KK na kuzikwa karibu na hapo. Inakadiriwa ni askari wapatao 8,000, na farasi na magari yao ya vita. Wengi hawajachimbuliwa.

Shimo Namba 1 ni la kukutoa pumzi. Ukumbi una urefu wa mita 230 na upana wa mita 62, sawa na viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa, na ndani wamesimama kwa mistari, warefu kuliko wanaume wengi uliowahi kucheza nao muziki. Kila mtu karibu yangu alikuwa anapiga picha. Mume wangu yeye kaegemea chuma, kakunja uso kama yuko kiwandani.

"Mama Jasmini, hawa wamechomwa vipi bila kupasuka?"

Nilicheka, lakini ni swali zuri, na wanasayansi wamelihangaikia. Mwaka 2017 watafiti wa London na wa makumbusho haya walitoa matokeo ya vipande vidogo vya sanamu walivyovikata vyembamba kabisa na kuviangalia kwenye hadubini. Waliona udongo ni wa pale pale, ule wa manjano ulioletwa na upepo ambao umejaa mkoa mzima, ila umetiwa mchanga kwa makusudi. Mfinyanzi yeyote atakwambia, udongo mtupu ukiuchoma mnene hivyo utapasuka. Kingine, mchanganyiko wa sanamu tofauti unafanana sana, jambo linaloonyesha kwamba kulikuwa na mahali pamoja pa kuandaa udongo, kisha unagawiwa kwa vikundi vya mafundi. Mume wangu alitikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe walikuwa na stoo kuu," akasema. Mtu wa biashara ni mtu wa biashara.

Na masikio! Hii msiikose. Mwaka 2014 watafiti walipiga picha za pande zote za masikio ya askari 30 na kuyapima kwa kompyuta, kwa sababu sikio la binadamu hutofautiana mtu na mtu. Hawakupata mawili yanayolingana kabisa. Kwa hiyo ule uvumi wa kwamba kila askari alikuwa na sura yake una nguvu kidogo. Tulitumia nusu saa nzima tukitafuta aliyefanana na shemeji yangu. Tulimpata, mstari wa tatu.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma. Msomaji, wale askari unaowajua kwenye picha, wa rangi ya kijivu na vumbi, hawakuwa hivyo. Walipakwa rangi: nyekundu, kijani, bluu, waridi usoni, na zambarau ambayo haitoki kwenye jiwe wala ua lolote. Ni rangi ya kutengenezwa kwa kuunguza pamoja shaba, mchanga wa kwarizi na madini ya bariamu kwenye joto kali. Kemia yake ilielezwa na wataalamu wa makumbusho ya Marekani mwaka 1992. Watu wa miaka 2,200 iliyopita walikuwa wanapika rangi ya maabara.

Iko wapi? Chini ya rangi kulikuwa na tabaka la laka, utomvu wa mti ambao Wachina wanaupaka kwenye mbao hadi leo. Ndani ya udongo wenye unyevu laka ile ilikunywa maji ikatulia. Ukimtoa askari kwenye hewa kavu ya Xi'an, laka inaanza kujikunja baada ya sekunde 15. Dakika nne zinaweza kutosha kuibandua, na rangi inaondoka nayo. Hebu fikiria wachimbaji wa miaka ile ya 1970: unapangusa vumbi, unamwona mtu mwenye mashavu ya waridi anakutazama, unageuka kumwita mwenzako, ukirudi amekuwa kijivu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Wachina walishirikiana na wataalamu wa Bavaria, Ujerumani, kutafuta dawa. Mojawapo waliyoipata ni polietilini glaikoli, jamii ya kemikali inayotiwa hata kwenye losheni na dawa ya meno. Sanamu ikitokeza inafunikwa haraka isikauke, inatiwa dawa polepole, nayo inachukua nafasi ya maji ndani ya laka. Ndiyo maana nyuma ya Shimo Namba 1 utawaona askari wamefungwa nailoni kama wagonjwa wa hospitali. Tuliona pia picha ya mpiga mishale aliyepatikana mwaka 1999, uso wake wa kijani! Kwa nini kijani, hakuna anayejua.

Angalizo kidogo kwa mnaopenda kuajiri mtembezaji: akiwaambia kwamba mafundi wa Qin walipaka silaha zao kromiamu zisipate kutu, tabasamuni tu. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kromiamu ile ilitoka kwenye laka ya mipini na vishikio vya mbao, na kwamba silaha zimebaki kung'aa zaidi kwa sababu ya aina ya udongo wa pale.

Ugomvi wetu ulianza Shimo Namba 2. Sehemu kubwa haijachimbuliwa. Unachokiona ni mawimbi ya udongo yaliyolalia magogo ya dari iliyobomoka. "Tumelipa kuangalia matuta ya viazi?" mume wangu akauliza. Nikamwambia wako chini, na rangi zao. Akasema sasa si dawa ipo, wawatoe. Nikamwambia dawa inaokoa kiasi, haiokoi yote, na ukishafungua hufungui tena. Kaburi lenyewe la mfalme, kilima kilichoota miti kilomita kama moja na nusu kutoka pale, halijafunguliwa kabisa. Sima Qian, mwanahistoria aliyeishi karne moja baadaye, aliandika kwamba ndani kuna mito ya zebaki, na vipimo vya miaka ya 1980 vilikuta zebaki nyingi isiyo ya kawaida kwenye udongo wa juu.

"Mtu akikupa zawadi imefungwa," akasema, "utakaa nayo mpaka ufe?"

"Kama karatasi ya kufungia ndiyo zawadi yenyewe, ndiyo."

Tulibishana ndani ya basi mpaka Xi'an, tukabishana tena kwenye zile tambi pana kama mkanda, zenye pilipili ya kumwaga machozi. Yeye mpaka leo anasema wafungue. Mkienda, fikeni asubuhi kabla ya makundi, anzeni Shimo Namba 3, kisha la 2, mmalizie na la 1, na mvae raba. Na kwenye matuta ya Shimo Namba 2 msipite mbio.