Herufi ya 255

Kwetu 255 ni namba ya nchi. Vijana wanaiandika kwenye fulana. Kwa kompyuta ni namba kubwa kuliko zote inayoenea katika baiti moja, na kwenye Microsoft Access ndiyo kikomo cha sehemu ya maandishi mafupi. Ukitaka kuandika zaidi, ipo sehemu ya maandishi marefu, ambayo hadi toleo la 2013 lilipoibadilisha jina iliitwa Memo. Hiyo inameza kurasa nzima. Lakini zipo njia ambazo maandishi marefu huingia mazima na kutoka yakiwa na herufi 255 tu, bila onyo lolote. Kwa Kiswahili, hayo ni kama maneno 40.

Haya niliyajua Tunduma, nikikusanya data za tasnifu ya uzamili kuhusu wanawake wanaofanya biashara ndogo kati ya Tunduma na Nakonde. Watu huja na picha ya foleni ya malori na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019. Mimi nilitaka habari za wanaopita kando ya malori hayo, mzigo kichwani. Asasi moja ilikuwa na malalamiko yao ya miaka kadhaa. Niliruhusiwa kuyasoma, nami niwasaidie kuandaa ripoti ya kikao.

Lalamiko moja lilihusu mchele uliozuiwa na wenye ghala. Kwenye ripoti liliishia hivi: "Siku ya tatu wakanirudishia laki."

Mjumbe mmoja alilisoma kwa sauti, akaweka alama ya vyema. "Huyu mama alirudishiwa laki yake. Limekwisha hilo, tuendelee."

Mimi nilikuwa nimeongea na mama huyo sokoni wiki iliyotangulia. Hakunitajia laki yoyote. Nikaomba shauri lake lisifungwe hadi kesho.

Usiku nilifungua jedwali lenyewe. Maelezo yalikuwa mazima: "Siku ya tatu wakanirudishia lakini magunia matatu yalikuwa yamelowa, mchele umeoza, na mkopo wa kikundi bado naudaiwa." Kumbe data haikupotea, ilikatwa njiani. Nikatazama kisanduku cha ripoti: kilikuwa kimeruhusiwa kurefuka. Ikabaki hoja inayochota taarifa. Kila lalamiko liliunganishwa na safari za ufuatiliaji, likawa linajirudia, na aliyeunda hoja hiyo zamani aliondoa marudio kwa kupanga kila kitu kwa makundi, pamoja na maelezo. Ili kupanga kwa makundi, programu hulinganisha maandishi, na katika kulinganisha huishia herufi ya 255. Dawa yake ni fupi: panga kwa namba ya lalamiko peke yake, kisha uagize programu ichukue maelezo ya kwanza ya kila kundi. Kuomba thamani zisizojirudia hukata vilevile, na hata kuunganisha majedwali mawili huku marudio yakiondolewa.

Nilichapisha upya. Kurasa zikaongezeka sana, na nikaanza kusoma mikia tu, yale yaliyokuwa hayaonekani. Hapo ndipo nilipoacha kuifikiria kompyuta.

Sisi hatuanzi na jambo. Mama akifika mezani anaamkia, anasema ametoka wapi, nani alimwelekeza, watoto wako shule gani, mchele aliununua Kamsamba kwa fedha ya nani. Jambo lenyewe linakuja mwishoni, baada ya "lakini", kwa sauti ya chini. Ni adabu. Kikomo cha maneno 40 hakikati nusu ya habari za mtu kama huyo. Kinamwachia salamu na kumnyang'anya shida. Anayezungumza kama barua ya ofisi, jambo kwanza na sababu baadaye, ripoti ile ilimsikia vizuri tu.

Asubuhi mjumbe yule alisoma ukurasa mpya kimya. Akafuta alama yake, akauliza, "Na hawa wengine tuliokwisha kuwafunga?"

Walikuwa kumi na tisa. Baadhi ya namba za simu hazikupatikana tena. Mama wa mchele alipokea mara ya kwanza, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, mimi nilieleza yote siku ile ile." Kisha akaanza upya, tangu salamu.