Mwalimu Asiyejua Kukataa

Tulipohamishiwa Kiganjo, sisi walimu wawili wa kike kutoka Mombasa, tulidhani adui wetu angekuwa baridi. Baridi ipo: mwezi wa Julai ukungu huuficha mlima hadi mchana, na chaki hudondoka katika vidole vilivyokufa ganzi. Lakini sweta hutosha. Lililotuelemea ni jingine.

Tulipanga nyumba moja karibu na reli iendayo Nanyuki, tukafundisha shule moja, kwa mshahara sawa. Hata hivyo, mwaka wa tatu mmoja wetu alilala amechoka na kuamka amechoka zaidi, na mwengine alikuwa mzima kabisa.

Wanasaikolojia, akiwamo Christina Maslach wa Marekani, aliyechapisha kipimo cha uchovu huu pamoja na mwenziwe mwaka 1981, huutambua kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, moyo kuwa mzito kwa unaowahudumia, na kuona kazi yako haina faida. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Na tafiti nyingi zimeona kwamba mtu mwenye hulka ya wasiwasi huufikia upesi.

Huyo mmoja wetu ndivyo alivyo. Mtoto akipata alama duni, yeye hakesha akijilaumu. Akiombwa kusimamia michezo, kushika darasa la aliye likizo ya uzazi, au kujaza tathmini za mtaala wa umilisi hadi usiku, husema, "Sawa." Nyumbani alilelewa akisifiwa kwa hilo: binti mtulivu, hana neno. Sifa hiyo ndiyo iliyomla. Mwengine, aliyeitwa mkaidi tangu utotoni, hufunga daftari saa kumi, anune atakayenuna. (Twakiri, sote wawili tuliuona huo kuwa uvivu.)

Alama ya pili ndiyo iliyotutisha. Jioni moja mzazi alikuja kuuliza habari za mwanawe, na mwalimu yule mwema hakuukumbuka uso wa mtoto aliyemfundisha tangu Januari. Baya zaidi, hakuona haya. Haya ilikuja usiku, pamoja na machozi. "Dada, mimi sikuwa hivi," alisema.

Jamaa zetu wakamwambia kwa simu azidishe subira. Subira alikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni wa kugawana naye mzigo. Basi yule mkaidi akawa mwalimu wa mwalimu. Kando ya jiko la makaa tulijizoeza sentensi moja: "Juma hili sitaweza." Alipoitamka mbele ya mwalimu mkuu sauti ilimtetemeka. Mwalimu mkuu aliitikia tu kwa kichwa, akaikabidhi michezo kwa mwengine.

Huyo mwengine ni binti aliyeajiriwa mwaka huu, mpole, ametoka mbali kama sisi. Juma lililopita, magharibi imekwisha ingia, tulimkuta peke yake katika majilisi ya walimu akijaza tathmini za darasa lisilo lake. Tulimuuliza kama amechoka. Akatabasamu, akasema hana neno. Jumamosi atakuja kwetu kunywa chai.