Mama Ndiye Aliyetaka Kuuza

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa "mji hauuzwi". Nililisema hilo nikiwa Dar es Salaam, kwenye vikao vya familia vya simu, na wadogo zangu walioko Mwanza na Arusha wakaniunga mkono. Nyumba ya wazazi wetu iko kijijini, upande wa Nkololo, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu: bati, uzio wa minyaa, makaburi ya babu na bibi nyuma ya zizi, na shamba la pamba lililotusomesha sote. Nani auze hicho?

Miguu ya baba ilipomkatalia, tuliwahamishia kwangu. Nyumba ikafungwa. Tukawa tunatuma fedha za mlinzi na za kufukuza mchwa, kila mmoja akijiona mtoto mwema.

Siku moja mama, akichambua mchicha, akasema: "Ninyi mnaupenda ule mji kwa sababu mnakuja Desemba mnakuta chakula kimeiva. Mimi nimechota maji pale tangu nilipoolewa. Kiangazi nachimba mchanga wa mto hadi mkono unaishia begani. Uzeni." Baba alikuwepo, akanyamaza. Mwenye hamu na ule mji nilikuwa mimi niliyeondoka nikiwa na miaka kumi na mitatu kwenda bweni. Toka hapo nikawa upande wa mama.

Baba mdogo hakuwa upande wetu. Alinipigia: "Mwanangu, wewe ni mtoto wa kike. Ardhi ya ukoo huigusi." Hoja hiyo ilikwishafika mahakamani. Huko Kagera, Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988, na mpwa wake akamshtaki kwa kuwa mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba. Nilimsimulia baba mdogo. Akajibu kwamba Wahaya ni Wahaya.

Lakini muuzaji hapa hakuwa mimi. Alikuwa baba, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Mke ndiye aliyekuwa akimharakisha. Kilichobaki ni halmashauri ya kijiji, kwa maana chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huwezi kumpa mtu shamba la kijijini kimyakimya na kuondoka.

Kusafisha nyumba tulikufanya kwa simu. Mpwa wangu alishika kamera, mama akaongoza kama refa. Plau kwa baba mdogo. Mkokoteni kwa jirani aliyemfikisha hospitali nilipozaliwa. Masufuria makubwa kwa kikundi cha akina mama, "na wasije wakayatenganisha". Magodoro yachomwe. Hakusita popote, nadhani orodha hiyo alikuwa nayo kichwani siku zote. Mimi ningekwama kwenye kila kikombe.

Baba aliomba kitu kimoja tu, kopo la biskuti lenye risiti za pamba za ushirika, SHIRECU. Mpwa wangu aliuliza mbona zimeandikwa Shinyanga. Yeye amekulia Simiyu. Mkoa huu ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na kwake Shinyanga ni mahali pa kupita kwa basi. Baba akamweleza kwa saa nzima, bei za kila msimu, hadi kifurushi kikaisha.

Dalali alileta mnunuzi wa mbali mwenye bei nzuri. Mama akamkataa, akamchagua kijana wa jirani aliyetoa pungufu, tena kwa mafungu mawili. Hapo mimi na wadogo zangu tulinung'unika. Hesabu ya mama ilikuwa hii: kijana ni mkazi, halmashauri ya kijiji inamjua, na mtu aliyekua akicheza juu ya yale makaburi hatayalima. Hata hivyo tuliyatoa kwenye eneo lililouzwa, pamoja na njia ya kupita, na mipaka ikaandikwa kwenye mkataba mbele ya viongozi wa kijiji.

Fedha ziliingia kwenye simu ya mama, kwa jina lake; baba ndiye aliyetaka iwe hivyo. Wiki iliyofuata nilimsikia akimwomba elfu mbili ya vocha, na mama akamuuliza ile ya Jumatatu ameifanyia nini.