Maastricht, Mji wa Mabakuli Yetu

Kwenye zidaka za nyumba za kale za pwani, sahani na mabakuli yalipangwa yaonekane na mgeni. Ya zamani zaidi yalitoka China. Katika karne ya 19 yakaja ya Ulaya, yenye maua mekundu, kijani na buluu, na mengine ukiyageuza unakuta mhuri: Petrus Regout, Maastricht. Ni mhuri huo ulionipeleka kusini kabisa mwa Uholanzi.

Maastricht ni mji mzuri wa kutembea kwa miguu. Mto Maas unapita katikati, na daraja la mawe la Sint Servaas, lililojengwa karne ya 13, bado linavusha watu. Upande wa kaskazini ipo bandari ndogo ya Bassin. Mfereji uliochimbwa hadi hapo ulifunguliwa mwaka 1826, ukaufikisha mji kwenye njia za biashara. Mwaka 1836 Regout alianza kutengeneza vyombo vya udongo jirani na bandari hiyo. Leo majengo ya kiwanda ni makazi, hoteli na sinema, na katika njia ya Sphinxpassage historia yote imesimuliwa kwa vigae ukutani. Nilitembea humo polepole sana.

Humo nilielewa jinsi maua yale yalivyopatikana. Sifongo ilikatwa umbo la ua au jani, ikachovywa rangi, ikagongwa juu ya bakuli, moja baada ya jingine. Ndiyo maana ukitazama vizuri, hakuna maua mawili yanayolingana kabisa: mkono wa mtu umepita hapo. Mikono hiyo ilichoka. Uchunguzi wa bunge la Uholanzi wa mwaka 1887 ulianika hali ngumu za wafanyakazi wa viwanda vya Maastricht, watoto wakiwemo.

Lakini ubunifu wa bakuli haukuishia kiwandani. Mnunuzi wa pwani alikuwa na macho yake. Yeye ndiye aliyechagua rangi ya kuvutia zidakani, ukubwa wa kutosha wali wa wageni, na weupe wa sahani ya kuandikia kombe kwa zafarani. Chombo kilizaliwa Maastricht, kikapata maana yake Unguja na Lamu.

Basi aliye na bakuli la bibi kabatini asiliuze kwa haraka. Aligeuze, asome mhuri, kisha awaulize wazee lilinunuliwa na nani na lilitolewa siku gani. Mhuri umehifadhi jina la kiwanda. Majina ya waliolitumia tusipoyaandika sisi, hayataandikwa popote.