Jino Lenye Usaha

Nilipoanza kazi ya utabibu wa meno, mgonjwa aliyeingia na shavu limevimba hakuguswa na koleo. Jino lenye usaha haling'olewi, ndivyo tulivyorithishwa, na wagonjwa walilishika neno hilo kuliko sisi. Mpaka uvimbe ushuke. Kwa hiyo aliandikiwa amoksilini na Flagyl za siku tano, kisha arudi. Ganzi ikiisha stoo, cheti kilikuwa hichohicho.

Wengi hawakurudi. Maumivu yakitulia walirudi shambani, na jino likiamka tena walipitia duka la dawa kwanza, wakanunua vidonge vichache vya rangi mbili kadiri ya pesa iliyopo. Wadudu wa kinywani walionjeshwa dawa bila kuuawa. Usugu dhidi ya dawa unapenda hali hiyo.

Ukweli wenyewe umo ndani ya jino. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu. Kikishakufa, damu haifiki tena, na dawa husafiri kwa damu. Kidonge kinazunguka mwili mzima, kinasumbua bakteria wa utumbo wasiohusika, lakini kwenye chanzo cha usaha hakifiki ipasavyo. Usaha unataka njia: jino litobolewe na mizizi isafishwe, au ling'olewe. Ganzi ikigoma penye uvimbe, sindano huchomwa mbali, kwenye neva ya taya.

Namkumbuka bibi mmoja aliyenishika mkono. "Mwanangu, utaning'oaje na uvimbe huu? Utaniua." Nikamwambia, "Bibi yangu, usaha ukitoka ndipo utalala." Jino lilitoka na usaha ukafuata. Aliondoka na panado tu, akinung'unika kwamba hospitali imemnyima dawa. Baadaye alimleta mjukuu wake, akataka naye ang'olewe siku hiyohiyo.

Mwaka 2017 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na neno usugu likaingia hata kwenye vikao vyetu. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kikatoa mwongozo: kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, kama jino linaweza kutibiwa papo hapo, antibiotiki haihitajiki kwa maumivu ya jino wala kwa jipu lisilosambaa. Inapohitajika, mgonjwa aangaliwe tena ndani ya siku 3, na dawa isimamishwe saa 24 baada ya dalili kuisha. Hilo la mwisho ni gumu kwetu, tuliohubiri "maliza dozi" miaka yote, tena kwa mgonjwa anayeishi mbali na nauli hana.

Uvimbe ukishuka shingoni, homa ikipanda, kinywa kikikataa kufunguka, naandika dawa bila kusita na rufaa inaandikwa saa hiyohiyo. Wagonjwa hao hufa, na nataka amoksilini iwakute ikiwa bado na nguvu. Kwa hiyo nikiulizwa kikaoni tufanye nini kuhusu usugu, naanza na oda ya stoo: ganzi isiishe.