Mahudhurio ya Jumapili Iliyopita

Katika ibada zetu za Kilutheri, mimi ni mmoja wa wachache wanaosikiliza matangazo kwa makini. Mzee wa zamu anasimama, anafungua daftari, anasoma: Jumapili iliyopita wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa, sadaka kiasi hiki, bahasha idadi hii. Jumla ikipanda, makofi. Ikishuka, kimya, na mtu atasingizia mvua. Ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa hiyo daftari hilo nimelisoma mwenyewe mara nyingi, na kwa miaka mitatu mfululizo nimepigiwa makofi. Tunakua. Mahema yamejaa uwanja, na ibada ya tatu imeanza.

Sasa tuulizane: tunakua kutoka wapi?

Ukipitia fomu za waliojiunga nasi, wengi wamekuja na barua kutoka usharika mwingine. Viwanja vilipimwa huku kwetu, watu wakajenga, wakahamia. Aliyekuwa akisali mjini sasa anasali kwetu. Sisi tumeongeza mmoja na wenzetu wamepungukiwa mmoja. Au pengine hawajapungukiwa, maana kuna madaftari ambayo jina halifutwi mpaka mtu azikwe, basi ndugu huyo kwenye taarifa za juu ni watu wawili.

Milimani Upare, nilikozaliwa, kuna mchungaji aliyenifundisha kipaimara. Alitufundisha kwa subira. Ukikosa kipindi, Jumatatu unamkuta kwenu, kaketi na mama jikoni, anangoja utoke shule. Kila mwaka alifikisha darasa moja madhabahuni, na kila Januari sehemu kubwa ya darasa hilo ilipanda basi ikateremka kwenda Moshi, Arusha au Dar. Hapa kwetu mwalimu wa watoto ni wake. Waimbaji wanne wa sauti ya tatu ni wake. Mtunza hazina wetu, mtu asiyepoteza hata shilingi ya chenji, ni wake. Lakini kwenye karatasi za kwao, mzee yule alikuwa mtu wa kushuka tu, mwaka hadi mwaka.

Ikafika siku wakubwa wake wakajadili kama usharika ule ushushwe uwe mtaa, kwa kuwa watu ni wachache na michango haifiki. Akaulizwa mikakati yake ya ukuaji ni ipi. Nilivyosimuliwa na aliyekuwepo, alijibu kwamba mikakati yake iko Dar es Salaam, inaimba kwaya. Watu wakacheka sana. Usharika ukashushwa vilevile.

Lugha hii ya ukuaji ina historia, na haikuanza kwa nia mbaya. Donald McGavran, Mmarekani aliyezaliwa India mwaka 1897 na kufanya kazi ya umisionari hukohuko, alichoshwa na vituo vya misheni vilivyotumia fedha na miaka mingi bila kuuliza kama kuna mtu amekuwa mfuasi wa Kristo. Kitabu chake cha mwaka 1970, Understanding Church Growth, kikalifanya swali hilo kuwa taaluma. Na swali lenyewe lilikuwa halali. Kuna uvivu mwingi umejificha nyuma ya neno “uaminifu.” Shida ni kwamba kipimo kikishazoeleka, watu huanza kukifanyia kazi chenyewe.

Willow Creek, karibu na Chicago, lilianza mwaka 1975 katika jumba la sinema, likawa kanisa ambalo wachungaji wa nchi nyingi walikwenda kujifunza kwake namna ya kujaza viti. Lilijichunguza lenyewe, na mwaka 2007 likachapisha matokeo katika kitabu kiitwacho Reveal: kushiriki kwa wingi katika shughuli za kanisa hakukuwa dalili kwamba mtu anazidi kumpenda Mungu na jirani yake. Nawaheshimu kwa kuchapisha. Sijui ni wangapi miongoni mwetu tungethubutu.

Lakini mfano unaoninyima usingizi hauko Marekani, uko jirani. Gahini, Rwanda, ni mojawapo ya chemchemi za ule uamsho wa miaka ya 1930 uliofika Uganda, Kenya na hapa Tanganyika. Kufikia miaka ya 1990, Wanyarwanda wapatao tisa katika kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Kwa kipimo cha daftari, nani angeshinda hapo? Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani, Nyamata, Ntarama na kwingineko, wakauawa humohumo, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Wapo Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa nao. Kwenye takwimu za ubatizo huwezi kuwatenganisha na wale walioshika panga.

Mtu ataniambia Biblia nayo inahesabu. Kweli, ina kitabu kizima kiitwacho Hesabu, na Matendo ya Mitume inataja elfu tatu waliobatizwa siku moja. Lakini ina pia Daudi, aliyewahesabu watu wake na taifa likaugua tauni. Na ina mchungaji mwenye kondoo mia. Huyu bwana nimemfikiria sana. Angejuaje kwamba mmoja kapotea kama hakuhesabu? Alihesabu kila jioni, bila shaka. Ila hakuna aliyempigia makofi kwa tisini na tisa.

Kuna fundi seremala wa jumuiya yetu ambaye bahasha zake zilikoma kurudi mwezi wa tatu. Kazi ilikatika, akaona aibu kuja na mkono mtupu kwenye ahadi. Kwenye taarifa ya mwaka bado yumo, ni msharika hai. Aliyegundua ni mama mmoja muuza maandazi, kiongozi wa jumuiya, ambaye daftari lake halina tarakimu. Ana majina tu, na alama ya kalamu nyekundu kwa asiyeonekana wiki mbili. Alimfuata na maandazi.

Mwezi uliopita nilipendekeza kwenye baraza la wazee tuongeze safu moja katika daftari kubwa: ambao hatujawaona. Wakaijadili kwa nusu saa. Mtunza hazina, yule wa Upare, alikuwa na swali moja: jumla ya safu hiyo isomwe kanisani, au wazee wagawane majina wakabishe hodi?