UCB ao UOB? Hesabu tuliyoifanya nyumbani

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitoka, tunawapaka watoto pudra nyeupe, tunaimba, tunanunua sukari ya chupa. Baada ya siku mbili swali linaingia nyumbani: sasa huyu mtoto atasomea wapi? Kwetu Bukavu kuna vyuo vikuu vingi, lakini mdogo wangu, aliyepata diploma yake mwaka huu na anayetaka sayansi za uchumi, alitaja viwili tu: UCB na UOB.

Wazee wetu hawakuwa na uchaguzi kama huu. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, ikavitenganisha tena mwaka 1981. UCB, ambayo ni ya Wakatoliki, ilianza mwaka 1989. UOB ni ya serikali, nayo ilizaliwa kama tawi la Kisangani.

Mama yetu anauza sambaza sokoni Kadutu. Yeye alisema UCB, bila kungoja. Kwa nini? Kwa sababu kule wanachuja watoto kwa mtihani wa kuingia, hawasongamani sana, na mtu akisema amesoma UCB watu wanamwangalia tofauti. Alikuwa tayari kuuza kiwanja kidogo alichoachiwa na marehemu baba. Baba mdogo naye alisema: msichana ataolewa, kwa nini mpoteze kiwanja? Mtoto wake wa kiume alipotaka chuo cha bei, hakuna aliyeuliza ataoa lini. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, mbele ya wote. Alinyamaza.

Lakini kukataa neno la baba mdogo si kukubali kuuza kiwanja. Nilichukua daftari, nikakaa na mama. Kwa utaratibu mpya wa LMD, lisansi ni miaka mitatu, na masta miaka mingine miwili. Kwa hiyo hatuhesabu mwaka mmoja, tunahesabu mitano. Kiwanja kingelipa karibu miaka miwili ya kule kwenye bei. Na mwaka wa tatu? Nyuma yake kuna wadogo wawili bado wako sekondari. Mshahara wangu wa mwalimu mnaujua, sina haja ya kuuandika hapa.

Sitawadanganya kuhusu chuo cha serikali. Mimi mwenyewe nilipata gradua yangu ISP, nayo ni ya serikali. Ukichelewa asubuhi unakosa kiti, unaandika umesimama. Maprofesa wakigoma kwa sababu serikali haijawalipa, mwaka unarefuka, na mama anaendelea kulipa nyumba ya kupanga na chakula kwa miezi ambayo mtoto hasomi. Huo mwaka unaorefuka ni bei pia, nao tuliuandika kwenye daftari. Tena kuna silabusi za kununua na transpo ya kila siku.

Lakini kuna jambo ambalo wamama wengi hawalijui: mara nyingi profesa anayefundisha hapa asubuhi ndiye unayemkuta kule mchana. Tofauti kubwa ni idadi ya watoto mbele yake. Mtoto mwenye kuuliza, mwenye kusoma kabla ya kuambiwa, anaweza kutoka mzima kwenye umati. Mtoto wa kusukumwa, huyo atapotea, na kwa huyo ningesema mtafute pesa mumpeleke penye watu wachache. Mdogo wangu simsukumi. Usiku namwambia azime taa.

Na kama mnafikiria chuo kingine cha binafsi, vile vinavyofunguliwa kila siku kwenye nyumba ya ghorofa, ombeni kwanza kuona karatasi ya ruhusa ya wizara. Wakianza kuzungusha maneno, rudini nyumbani.

Tulichagua UOB. Mama alilia kidogo, kisha akauliza kama anaweza kulipa kwa sehemu. Kiwanja kimebaki. Zamu yangu ya likelemba ni mwezi wa tatu, na pesa hiyo tayari ina jina: kompyuta ya mkono wa pili, kwa sababu kazi za uchumi hazifanywi kwenye simu iliyopasuka kioo. Mdogo wangu amesema masta ataitafutia UCB, kwa pesa yake mwenyewe. Mama amemwambia aandike maneno hayo kwenye daftari.